Kadibodi Isiyo na Tarehe

Uberlinda Paillán alikuwa mweka hazina wa kamati ya nyumba kwa mwaka wa nne sasa, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumkuta na peso moja pungufu wala peso moja ya ziada. Hilo alilijua vizuri, na hakuona ubaya wengine nao wakilijua. Alikuwa mshonaji. Mchana alikunja pindo za suruali na kubadilisha zipu za makoti ya watu wa mji wao wa Tomé. Jioni, vitambaa vikishaondolewa mezani, alifungua daftari la kamati, akavaa miwani, akawa mtu mwingine.

Kamati ilikuwa na familia thelathini na nne, zote zikiishi kwa kubanana majumbani mwa ndugu. Huyu alipewa chumba cha nyuma kwa shemeji, yule kibanda cha mbao uani kwa mama mkwe, mwingine alilala na watoto watatu kitanda kimoja sebuleni kwa dada yake. Serikali ilikuwa tayari kuwajengea nyumba kilimani, nyuma ya kiwanda cha sufu kilichofungwa, ila kwa sharti moja lisilo na mjadala: kila familia iwe na akiba ya UF kumi katika kitabu cha benki kabla benki haijafunga saa nane mchana, Ijumaa tarehe thelathini Septemba. Asiyefikisha jina lake linakatwa, na anayesubiri nyuma ya orodha anapanda.

UF ndiyo iliyowapa watu taabu. Haina noti wala sarafu, na hakuna aliyewahi kuishika. Ni kipimo tu cha kuhesabia. Bei za mkate, mafuta na nauli zikipanda, nayo hupanda nyuma yake, kidogo kidogo, kila kunapokucha, na thamani yake kwa peso hutangazwa mpaka senti ya mwisho. Kodi za nyumba hupangwa kwa UF, mikopo ya benki kwa UF, hata kaburi huuzwa kwa UF. Mshahara peke yake ndio unaolipwa kwa peso. Mwaka huo wa 2022 bei zilipanda kwa namna ambayo vijana hawakuwahi kuiona, na UF ikapanda nazo.

Uberlinda aliipenda UF, ingawa hakuwaambia watu wengi. Aliona ina haki ndani yake. Peso elfu kumi za leo si elfu kumi za mwakani, lakini UF moja ni UF moja. Ukipeleka peso zako kwenye kitabu cha akiba, benki inazihesabu kwa UF, na hapo zinatulia. Bei zikipanda, akiba yako inapanda nazo. Zinazoyeyuka ni zile zilizobaki nyumbani kwenye kopo. Maneno hayo aliyarudia katika kila mkutano mpaka watu wakawa wanamalizia kabla yake.

"Na peso za kwenye kopo?" angeuliza.

"Zinayeyuka!" waliitikia, wakicheka.

"Na UF isiyotajwa tarehe?"

"Si kitu!"

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, vitabu thelathini na vitatu vilikuwa mezani kwake vimekamilika. Kilichobaki kilikuwa cha don Ceferino Bastías, yaani Bwana Ceferino, mgane wa miaka sabini na moja, aliyefanya kazi katika kiwanda cha sufu tangu ujana mpaka siku lango lilipofungwa kwa mnyororo. Sasa alilala katika stoo ya unga, nyuma ya duka la mkate la shemeji yake. Alifika saa tano asubuhi, kofia mkononi na bati la biskuti za Krismasi kwapani.

"Jirani, nimeleta."

"Don Ceferino, wewe utanipasua moyo. Miezi sita nakusubiri! Umeleta nini?"

"Hela, mwanangu, ungetaka nini tena, biskuti? Kesho asubuhi naziweka benki. Nimekuja unihakikishie kwanza, nisije nikaaibika pale dirishani." Akafungua bati. Noti zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa sufu, mafungu mafungu. "Laki tatu na elfu kumi na saba, mia mbili na themanini. Nimehesabu mara tatu. Shemeji kahesabu mara moja, na yule kwa hela hakosei, waulize wanaomkopa mkate."

Uberlinda hakuzigusa. "Hizi ni za nini?"

"Za nini tena? Za UF kumi."

"UF kumi za kesho ni laki tatu na elfu arobaini na mbili, mia tano na themanini."

Mzee alimtazama kama anayesubiri amalize mzaha.

"Si kweli."

"Jedwali hili hapa. Soma mwenyewe."

"Mimi nasoma ulichoandika wewe." Akatoa kijidaftari mfukoni, akalamba kidole, akafunua. Ilikuwa pale kwa penseli, tarakimu kubwa za mtu anayebonyeza: UF 10 = peso 317,280. "Nimeinakili kwenye kadibodi yako, pale ukumbini. Mkono wako, kalamu yako nyekundu. Nikasema basi, doña Uberlinda hakosei, keshapiga hesabu ya siku ya mwisho, hizi ndizo za kutafuta. Nimeuza baiskeli. Nimebeba magunia ya unga kwa shemeji majira yote ya baridi."

"Ile ilikuwa ya mwisho wa Machi!"

"Haikuandikwa Machi."

"Iliandikwa."

"Haikuandikwa, mwanangu. Macho yangu ya karibu ni mabovu, ya mbali hayana neno."

"Hata kama! Kwa nini hukuweka kila mwezi kama wenzako? Ungeweka kidogo kidogo, leo usingekuwa na shida yoyote."

"Sababu unaijua."

Aliijua. Mtaa mzima uliijua, maana don Ceferino hakuwa mtu wa kuficha alichokosewa. Mwaka wa sabini na tisa alinunua nyumba kwa mkopo, yeye na mkewe Rosenda, na mkopo ulikuwa kwa UF. Mwaka wa themanini na mbili uchumi ulipoanguka, kiwanda kilipunguza mishahara, lakini UF haikumpunguzia mtu. Kila mwezi alilipa, na kila mwezi deni, likihesabiwa kwa peso, lilikuwa kubwa kuliko kabla hajalipa. Mwaka uliofuata wakatolewa, na kitanda chao kikalala barabarani siku mbili. Tangu hapo hakuwahi kuweka benki hata senti, zaidi ya zile peso elfu mbili za kufungulia kitabu, ambazo benki ilizila kwa ada.

"Nikimpa yule mnyama hela zangu mapema," alisema, "atazitafuna. Namtupia zote siku moja, mara moja, kisha nakimbia. Hiyo ndiyo hesabu yangu."

"Safari hii mnyama angekuwa upande wako, don Ceferino! Ndicho ninachowaambia kila siku."

"Ndivyo alivyoniambia na yule kijana wa benki mwenye tai, mwaka wa sabini na tisa."

Uberlinda alikokotoa, ingawa jibu alikuwa nalo kichwani. Elfu ishirini na tano na mia tatu. Kwake yeye ilikuwa kama kukunja suruali saba. Akavuta droo. "Zinapungua elfu ishirini na tano na mia tatu. Nitakuongezea. Utanirudishia ukiweza."

"Sikuja kuomba."

"Nakukopesha."

"Kwa peso au kwa UF?" aliuliza, akacheka peke yake, bila furaha. "Hapana. Mikopo mimi basi."

"Kamati ina mfuko wa dharura."

"Ule wa wagonjwa. Mimi si mgonjwa." Akafunika bati, akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Nimefanya ulichoandika. Kama ulichoandika ni uongo, mimi nakuwaje ombaomba?"

Uberlinda alibaki na sindano mkononi, lakini hakushona. Baada ya dakika chache alijitupia shali, akaenda ukumbini.

Ukumbi wa mtaa ulinuka mafuta ya chapati za maboga zilizokaangwa Jumapili. Kadibodi ilikuwa pale pale, kati ya tangazo la bingo na bendera ya karatasi iliyobaki tangu sikukuu ya taifa ya mwezi huo. Hesabu ilikuwa ya mwandiko wake, nzuri, imenyooka. Kona ya kulia chini, mahali anapoandika tarehe siku zote, palikuwa peupe.

Akakumbuka. Walikuwa wamelalamika kwamba hawaielewi UF, akaona awasaidie kwa kuwaandikia kwa peso, wapate picha. Alipofika mwisho mtu alimuuliza kama zipu ya koti iko tayari, naye akaweka kalamu chini kumjibu. Ni hivyo tu. Wengine walipita kwake kila mwezi kuuliza wanadaiwa kiasi gani, kwa hiyo kadibodi ile hakuna aliyeitazama tena, hata yeye mwenyewe. Isipokuwa mmoja, ambaye hakutaka kuuliza.

"Mbona umesimama kama sanamu?"

Alikuwa Gladys Oñate, mwenyekiti wa kamati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alikuja na ufagio kuandaa mkutano wa saa moja jioni, ule wa kufunga orodha. Uberlinda akamweleza. Gladys alisikiliza, ameegemea ufagio.

"Maskini," alisema. "Lakini kajitakia. Miezi sita! Watu na watoto wao wameweza."

"Kanakili hesabu yangu, Gladys. Sikuweka tarehe."

Gladys akasogea, akaitazama ile kona. Wote wawili walijua nani alikuwa wa thelathini na tano kwenye orodha: Yasna, mpwa wa Gladys, mwenye watoto wawili na mimba ya miezi mitano, aliyelala katika gereji la mtu, na akiba yake imekamilika tangu Agosti.

"Unayo ile kalamu nyekundu?" Gladys aliuliza.

"Ya nini?"

"Sikulazimishi, jirani. Nasema tu. Hiyo nafasi ipo, na tarehe ilikuwa ni hiyo hiyo. Ukiiandika hujasema uongo, umechelewa tu kusema kweli. Nani anakumbuka ilikuwepo au haikuwepo? Mzee mwenyewe hataki msaada, umenieleza. Basi anatoka kwa ukaidi wake, Yasna anaingia, wewe unabaki na jina lako. Au unataka Wladimir na mdomo wake akutangaze kutoka huku mpaka Dichato?"

Kalamu ilikuwa mfukoni mwa aproni, mahali inapokaa siku zote. Uberlinda aliitoa. Aliifungua kifuniko. Aliwaza juu ya Yasna, ambaye alimshonea gauni la kipaimara, na akaona kwamba Gladys hakuwa akisema jambo la ovyo. Familia ya watu wanne, ukimhesabu aliye tumboni, ingepata paa, na mzee mmoja angebaki na stoo yake ya unga yenye joto. Kisha akawaza miaka minne ya daftari safi. Hapo ndipo aliposhtuka, kwa sababu aligundua kwamba hilo la pili ndilo lililokuwa likiusukuma mkono wake, na Yasna alikuwa kisingizio.

Akafunika kalamu. Akaibandua kadibodi ukutani, misumari miwili ya kubonyeza ikaanguka, akaikunja chini ya shali.

"Unaipeleka wapi?"

"Nitarudi nayo saa moja."

Saa moja ukumbi ulijaa. Mvua ilikuwa imeanza, na watu waliingia na makoti yanayochuruzika. Don Ceferino alikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu anayejua atatoka mapema. Habari zilishamtangulia.

"Don Ceferino!" aliita Wladimir, muuza mitungi ya gesi, ambaye hakuweza kukaa kimya hata kanisani. "Nasikia kopo limeyeyuka!"

Watu wakacheka. Mzee akacheka nao kidogo. "Bati," alisahihisha. "La biskuti."

"Basi tugawie hata makombo!"

Gladys akagonga meza. Akasoma majina, akafika thelathini na tatu, akasita. Akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa wa kweli, kwamba ndugu yao Bastías hakufikisha akiba, kwamba sheria ni ya wizara wala si ya kamati, na kwamba kama hakuna la kuongeza, wataandika jina linalofuata.

"Lipo la kuongeza," alisema Uberlinda.

Alisimama. Alikuwa amezoea kusimama mbele yao, lakini mikono yake ilihitaji kazi, na akaipa kazi ya kuikunjua kadibodi. Akaiinua.

"Mnaikumbuka hii?"

Wengine waliikumbuka, wengine la.

"Niliiandika jioni ya mwisho wa Machi. Itazameni kona hii. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema mtu wa mbele.

"Hakuna kitu. UF isiyotajwa tarehe ni nini?"

Safari hii hakuna aliyeitikia.

"Niliwafundisha ninyi, nikasahau mimi. Don Ceferino aliamini mwandiko wangu, akatafuta hizo hela mpaka peso ya mwisho. Zilizopungua zimepungua kwa sababu yangu. Nataka liandikwe kwenye muhtasari: kosa la mweka hazina. Na mweka hazina analilipa yeye, kwa hela yake, wala si ya mfuko."

Minong'ono ikaanza, na hiyo ndiyo iliyomuuma. Alisikia mtu akisema, "Sasa na vitabu vyetu?" na mwingine akijibu, "Itabidi tuvikague." Mwanamke aliyemshonea mapazia mwezi uliopita aliinamisha uso. Hata Wladimir alinyamaza, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angesema.

"Hata hivyo yeye naye alichelewa," Gladys alisema. "Tuwe wakweli. Kosa ni la watu wawili."

"Basi liandikwe la watu wawili," alisema don Ceferino kutoka nyuma. Alikuwa amesimama. "Langu mimi nitalikokotoa nyumbani. Lakini doña Uberlinda, asubuhi ulinipa sadaka, nikakataa. Hii ya sasa ni fidia. Fidia napokea."

Gladys alimtazama Yasna, aliyekaa pembeni, mikono juu ya tumbo. Yasna akainua mabega. Muhtasari ukaandikwa.

Asubuhi ya Ijumaa foleni ya benki ilifika mpaka nje, chini ya mvua, maana ilikuwa siku ya malipo ya mwisho wa mwezi. Uberlinda alikuta don Ceferino ameshashika nafasi tangu saa mbili. Alikuwa amenyoa. Uberlinda akampa bahasha.

"Elfu ishirini na tano na mia tatu. Hesabu."

Mzee akahesabu, mgongo wake ukikinga mvua. Akatoa noti moja na sarafu kadhaa mfukoni mwake mwenyewe, akamrudishia.

"Nini hiki?"

"Elfu moja mia tatu na sitini. Hizo ninalipa mimi."

"Kwa nini hizo?"

"Jumapili ile ya sikukuu, pale uwanjani, ulinikuta nakula empanada ya nyama. Ulinivuta shati ukaniambia, weka hela zako benki ikifunguliwa tu, usingoje siku ya mwisho. Ulisema, hukusema?"

Uberlinda alifikiri. Alikuwa amewaambia wengi siku ile. "Nilisema."

"Benki ilifunguliwa Jumanne, tarehe ishirini. Ningekuja siku ile, ningejua zinapungua, na upungufu ungekuwa mdogo. UF ya tarehe ishirini ilikuwa elfu thelathini na nne, mia moja ishirini na mbili. Ya leo ni elfu thelathini na nne, mia mbili hamsini na nane. Tofauti mia moja thelathini na sita. Zidisha kwa kumi. Hizo ni za ukaidi wangu, si za kadibodi yako."

Aliyasema yote bila kijidaftari. Uberlinda alikokotoa kimoyomoyo, akakuta ni sawa mpaka peso ya mwisho.

"Jana uliniambia hujui jedwali."

"Sikusema sijui. Nilisema nasoma ulichoandika wewe." Akapangusa mvua usoni. "Jana usiku nimelitazama kwenye gazeti la shemeji, lile la kufungia mkate. Miaka ile, mimi na Rosenda, tulikuwa tunaikokotoa kila asubuhi kabla ya chai. Yeye akisoma, mimi nikizidisha. Miezi kumi na nne. Unadhani mtu anasahau?"

Mlinzi akawaruhusu waingie. Dirishani karani, msichana wa kucha za bluu, alizifungua nyuzi za sufu moja moja, akazipitisha noti kwenye mashine mara mbili. Don Ceferino hakuondoa macho kwenye mikono yake. Kitabu kikapigwa chapa, kikarudi. Aliusogeza ukurasa mbali na macho, kisha mbali zaidi, mpaka mkono ulipofika mwisho.

"Hapa kumeandikwa peso," alisema. "Nataka uniambie kwa UF."

"Kumi, mzee."

"Kumi na ngapi?"

"Kumi na sifuri sifuri."

"Sawa," alisema. "Asante." Ilikuwa saa sita kasorobo.

Jumatatu orodha ilipelekwa wizarani na majina thelathini na manne, Bastías likiwamo. Yasna alibaki wa thelathini na tano. Gladys hakugombana na mtu, ila suruali za mumewe alianza kuzipeleka kwa fundi mwingine, kule karibu na stendi. Majibu ya wizara yangetoka kabla ya Krismasi.

Katikati ya Oktoba kamati ilikagua vitabu vyote, ukurasa kwa ukurasa, jioni mbili mfululizo. Hawakukuta kosa lolote. Baadaye wakapiga kura ya mweka hazina. Wladimir alipata kumi na nane, Uberlinda kumi na sita.

Alirudi nyumbani, akaweka miwani kwenye bweta lake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne meza ilibaki na vitambaa mpaka asubuhi.

Don Ceferino alifika kesho yake, na mkate wa moto umefungwa kwa gazeti.

"Nimekuja nikwambie mwenyewe, kabla hujaambiwa na watu," alisema kabla hata ya kukaa. "Sikukupigia kura."

Uberlinda akaacha kukunja kitambaa.

"Wewe?"

"Mimi."

"Baada ya yote yale?"

"Baada ya yote yale nakuheshimu kuliko mwanzo, na hata nikifa leo nimekwambia. Lakini mimi nyumba moja nimeshapoteza kwa hesabu za watu wenye uhakika. Wewe ulikuwa na uhakika mno, mwanangu."

"Na huyo muuza gesi anajua nini kuhusu UF?"

"Hajui kitu! Ndiyo maana anaiogopa. Jana kaandika tarehe mara tatu kwenye karatasi moja, mpaka saa kaweka."

Uberlinda alitaka kukasirika, na kusema kweli alikasirika. Aliuchukua mkate, akauweka juu ya meza kwa kishindo kidogo. Kisha akavuta kiti cha pili, akakisukuma kwa mguu upande wa mzee.

"Kaa," alisema. "Siagi sina. Na suruali hiyo pindo limefumuka, utaanguka ngazini. Ivue hapo nyuma ya pazia."

"Bei gani?"

"Elfu tatu na mia tano."

"Za leo?"

"Za leo. Haya vua, nina kazi."

Mzee aliingia nyuma ya pazia akinung'unika kwamba kwa bei hiyo mwaka wa themanini na mbili alikuwa ananunua duka zima la nguo, na mshonaji ndani yake. Uberlinda akawasha taa ya mashine, akatafuta uzi wa rangi ya kijivu.